Mwaka Niliokataa Kuzalia kwa Mama Mkwe

Siku tulipomzika mama mkwe wangu sikulia, na wala sikujifanya kulia. Nilisimama na shuka langu begani, baridi ya Nainokanoka inanikata magoti, ukungu umeshuka mpaka boma za ng'ambo hazionekani, nikawasikiliza wanawake wakimsifu. Walimsifu kwelikweli. Mmoja akasema mikono ile ilipokea watoto wa mlima mzima. Mwingine akasema hata mwenyekiti wa kijiji alitolewa na mikono ile. Kisha akasimama mke wa mwinjilisti, mtu wa juzi tu, amekuja huku nyumba zimeshawekwa bati, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mama huyu kwa umri wake wote hakupoteza mtoto hata mmoja." Watu wakaitikia amina. Mjukuu wangu aliyenileta kwa gari kutoka Karatu akaniinamia sikioni. "Bibi, wanataka na wewe useme neno. Wewe ndiye mke wa mwanawe mkubwa." Nikamwambia, "Mimi nimekuja kuzika, sikuja kusema uongo." Akatazama chini, na walio karibu wakasikia, na mimi nilitaka wasikie.

Ninaandika kwa sababu baada ya hapo nilinyamaza mpaka tukaondoka. Kupoteza alipoteza. Alipoteza wa kwangu, wa kiume, mtoto wangu wa kwanza kabisa. Ila kwetu mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina hahesabiwi na mtu, hata na mama yake, na ndiyo maana mke wa mwinjilisti aliweza kusema vile bila mtu kumkoholea. Mimi nina darasa la nne, nalo nililimalizia dawati la nyuma, kwa hiyo atakayesoma avumilie mwandiko. Sitaeleza ukoo wetu wala jinsi nilivyoolewa, hayo kila mtu anayo ya kwake. Nitaeleza mwaka mmoja, mwaka wa mimba yangu ya pili, nilipokuwa na kama miaka kumi na tisa. Ukali ambao wake za wanangu wanaulalamikia leo niliupata mwaka ule, na sijaona sababu ya kuurudisha.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya kwanza kulia ukiingia boma. Ukiinama kuingia, moshi unakupokea, halafu harufu ya ndama waliofungwa kwenye kona, halafu kitanda cha fito na ngozi ambapo wanawake wa boma ile wote walizalia. Vibuyu vya maziwa alivipanga yeye, akavifunga yeye, na hakuna mke wa mwanawe aliyevigusa bila kuambiwa. Mimba ikifika mwezi wa saba, sheria yake ilianza. Hakuna nyama. Hakuna mafuta. Asali usiitazame. Maziwa yanachanganywa na maji mpaka yanakuwa kama maji uliyooshea kibuyu, na juu yake unakunywa mchuzi wa magome, mchungu unaofanya ulimi ukakamae. Akihisi umekula kwa jirani anakupeleka nyuma ya zizi, anakusimamia mpaka utapike, halafu anatazama ulichotapika. "Mtoto mkubwa anaua mama," alisema. "Mtoto mdogo anatoka kama mwanambuzi." Sisemi kwamba alilitunga mwenyewe. Mama yake alifanyiwa hivyo, na bibi yake, na zamani zile, kama mtoto amekwama, hapakuwa na wa kumkimbilia. Walikuwa na sababu yao. Mimi ninaandika yaliyonipata.

Mimba ya kwanza nilitii kila kitu. Nilikuwa mgeni katika boma, nilitaka kupendwa. Siku ya uchungu ilipofika sikuwa na nguvu hata ya kukunja ngumi. Siku mbili nzima wanawake walinishika mgongo na kuniambia sukuma, na mimi nilikuwa nasukuma kwa kutumia mwili usio na kitu ndani. Siku ya tatu akatoka, amekuwa wa bluu, hakulia. Mama mkwe akafuta mikono kwenye ngozi, akawageukia wenzake, akasema, "Huyu amekula. Amekula kwa siri, mtoto akanenepa." Mbele ya wanawake saba. Nilitaka kusema kwamba miezi miwili sijaonja hata kipande cha mafuta, lakini sauti haikutoka, kwa njaa hiyohiyo. Wanawake wakanitazama kama mwizi. Mtoto akapelekwa, sikuambiwa wapi, na kesho yake nikapewa kibuyu cha maziwa mazima, kwa kuwa sasa hapakuwa na mtu tumboni wa kunenepa.

Basi nikabeba mimba ya pili. Siku hizo Landrova ya kliniki ilikuwa inapanda kwetu mara moja kwa mwezi, inasimama karibu na duka, wanawake tunajipanga kwenye upepo. Nesi wake aliitwa Paskalina, Mmbulu wa huku chini, mwembamba, mdomo kama wembe. Aliniminya tumbo, akaniuliza wa kwanza yuko wapi. Nikamwambia. "Alikufaje?" Nikamwambia siku tatu. Akaacha kuandika. "Na huyu unataka kumzalia wapi, hapohapo? Nyie watu mna akili za wapi? Mnafunga kula kama mnaomba mvua, halafu mnakuja kunililia mimi." Wanawake wa nyuma yangu wakacheka, japo wote walikuwa wanafunga. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kadi yangu mstari mmoja, akaniuliza kama najua kusoma. Nikasoma kwa sauti: akajifungulie hospitali. Akasema, "Haya, umesoma. Sasa usije ukaniambia hukuelewa." Nilimchukia pale pale. Hata hivyo kadi niliifunga kwenye pindo la shuka, na nililala nayo.

Mume wangu alikuwa mtu mpole, na upole wake haukunisaidia kitu. Alikuja nyumbani siku mbili kutoka Olbalbal alikokuwa na ng'ombe. Nilimwonyesha kadi. Akaigeuza juu chini, maana yeye shule hakwenda, akanirudishia. "Hayo ni mambo ya wanawake. Muulize yeyo." Yeyo ni mama. Nikamwambia, "Yeyo ndiye aliyemuua wa kwanza." Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kuangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote. Alfajiri akarudi kwa ng'ombe. Kesho yake nilikuwa nasiliba ukuta wa nyumba kwa mavi ya ng'ombe, upande wa nje, na mama mkwe alikuwa ndani na mkunga mwenzake wa boma ya pili. Ukuta ule ni fito na udongo, unasikia hata mtu akimeza mate. "Safari hii nitamfunga mdomo mapema," mama mkwe akasema. "Sitasubiri mwezi wa saba." Mwenzake akauliza, "Na akikataa?" Mama mkwe akacheka. "Atakataa aende wapi? Ana pengine?"

Niliendelea kusiliba mpaka ukuta ukaisha. Swali lile lilinikaa kichwani wiki nzima, si kwa sababu lilikuwa la dharau, bali kwa sababu sikuwa na jibu. Kwa mama yangu nisingeweza kwenda, mwanamke aliyeolewa akirudi kuzalia kwao anaonekana ameachwa. Hospitali ya misheni nilikuwa nimeiona mara moja tu, ng'ambo ya msitu, chini kwa Wambulu, tulipokwenda kununua mahindi. Kule nilitegemea kukuta manesi kama yule aliyenisema mbele ya foleni. Nyumbani kulikuwa na mwanamke aliyeniita mwizi juu ya maiti ya mtoto wangu. Siku hizi nawasikia wasichana wangu hapa Karatu wakichagua mahali pa kuzalia kama wanavyochagua saluni. Kule manesi wana lugha nzuri, kule kuna maji ya moto, kule wanaruhusu mume aingie. Siwasemi vibaya, wachague. Mimi nilichagua kati ya midomo miwili inayoning'ata, nikauchagua ule ambao haukuwa umeniua mtu bado.

Mimba ilipofika mwezi wa nane wanawake walikuwa wanashuka na punda kununua mahindi, nikasema nakwenda. Mama mkwe hakukataza, kwake mimba haikumzuia mtu kufanya kazi. Tulikuwa watano, mkubwa wetu wifi yangu Naishorwa. Tuliingia msituni jua linatoka. Njia ni matope mekundu, punda wanateleza, majani yanadondosha maji shingoni, na kila tulipoona mavi ya nyati yanayofuka moshi Naishorwa alipiga kelele na kugonga debe. Mara mbili nilikaa chini. Mara ya pili akaniambia, "Wewe ungebaki, unatuchelewesha." Saa saba tukatokea kwenye mashamba ya Mbulumbulu, mahindi yamekua mpaka juu ya kichwa cha mtu, na moshi wa jikoni za watu unanukia maharage. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaona aibu. Tulinunua, tukafunga magunia, tukalala kwa watu tuliozoea kulala kwao. Asubuhi wakapanga punda.

"Wifi, kamata kamba, jua linapanda," Naishorwa akasema.

"Kamateni nyie. Mimi nabaki."

"Unabaki wapi?"

"Hospitali. Nitazalia hapa."

"Kwa Wambulu?" Akageuka kuwatazama wenzake, ili na wao wasikie. "Utazaa katikati ya mahindi kama panya? Nitamwambia nini yeyo?"

"Mwambie njaa yake nimemwachia."

Akatema mate chini, akampiga punda wangu fimbo, wakaondoka naye. Nilisimama mpaka debe likaacha kusikika. Ningetaka kuandika kwamba sikuogopa, lakini nilikuwa nimekojoa kidogo kwenye nguo, na nilitembea mpaka hospitali hivyohivyo.

Walikuwa na nyumba ya kusubiria, jengo refu la matofali nyuma ya wodi, vitanda vya chuma kumi, na kibanda cha kupikia chenye mafiga. Kila mwanamke alipika chake. Nilikuta vitanda tisa vina watu, wote Wambulu, na chumba kizima kinanuka vitunguu. Harufu ilitoka kitanda cha mlangoni, cha mwanamke mnene aliyeitwa Mama Baha, ameolewa Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, amekuja kwao kuzaa wa tano, na chini ya kitanda chake kuna gunia zima. Nilisalimia kwa neno moja la kwao nililolijua, saita. Hakuitikia. Akanitazama kuanzia shanga mpaka miguu yenye matope. "Umekuja kuzaa au kutuibia ng'ombe?" akaniuliza. "Maana ng'ombe hapa hatuna. Tuna vitunguu tu." Chumba kikacheka. Nikamwambia, "Vitunguu vyenyewe vinanuka hivi, hata mwizi hawezi." Wakacheka zaidi, na safari hii hata yeye. Lakini hakunipa nafasi ya kuweka kibuyu changu karibu na mafiga, na siku mbili nilikunywa maziwa yangu nje, kwenye ngazi, mpaka yakaisha.

Siku ya tatu alinikuta nimekaa palepale, sina kitu. Akasimama mbele yangu na sufuria. "Wewe Mmaasai. Nikikuangalia naona mifupa miwili imebeba ngoma. Njoo ule."

"Sina cha kukupa."

"Nani amekuomba? Ukinifia kwenye chumba hiki nitalala vipi? Kula, acha kiburi."

Yalikuwa makande, mahindi na maharage, yamekaangiwa vitunguu vingi na mafuta ya ng'ombe. Nilikula mpaka jasho likanitoka puani. Kuanzia siku ile nilimchotea maji na kumtafutia kuni, na yeye akanipa kula, na hakuacha kunitukana hata siku moja. Kumbe nilikuwa nahitaji hivyo vyote. Lakini niseme ukweli wote. Sikula kwa ajili ya mtoto. Nilikula kwa chuki. Kila kijiko nilimwona mama mkwe amesimama nyuma ya zizi anasubiri nitapike, na mimi nameza, nameza tena. Nilishiba mpaka tumbo likauma na bado nikaramba sufuria. Nimekwisha kuzaa watoto sita na kulea wajukuu zaidi ya hao, na sijawahi kula tena namna ile.

Uchungu ulinianza asubuhi moja wakati nafagia. Mama Baha alikuwa amejifungua siku tatu kabla, akanisindikiza mpaka mlango wa leba na kunisukuma ndani. Na nani ananipokea? Paskalina. Kumbe ile Landrova ilikuwa ya hospitali hiyohiyo. "Ahaa," akasema, "umefika mwenyewe." Akanielekeza kitandani. Nilipopiga kelele ya kwanza akaniambia, "Ulipokuwa unaitafuta mbona hukupiga kelele?" Nilipofunga miguu akanipiga paja, kofi la mkono wazi, lililosikika wodi nzima. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, na kesho yake jua liko juu bado nilikuwa pale, na mtoto yuko palepale. Hapo ndipo nilipovunjika. Nilitazama bati la juu nikamsikia mama mkwe kama amesimama kichwani kwangu: huyu amekula. Na safari hii ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekula mwezi mzima. Nikajiambia mwanamke yule alikuwa anajua, na mimi, kwa kumkomoa yeye, nimemuua wa pili kwa makande.

Daktari akaja, mtu mfupi, mtulivu, akapima kwa vidole, akasema lazima wanipasue, na upesi. Paskalina akaleta karatasi. "Nani anasaini? Mume wako yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe."

"Baba? Mkwe? Ndugu yeyote?"

"Sina mtu hapa."

"Huwezi kujisainia mwenyewe, wewe ndiye unayekatwa."

"Basi nani anajua kuliko mimi kwamba nakatwa?"

Daktari akamwambia, "Mpe kalamu." Akanipa, huku ameshaandaa wino wa kidole gumba. Nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa, uchungu mmoja ukanikatisha katikati nikasubiri upite, nikamalizia. Paskalina akatazama karatasi. "Kumbe unajua kuandika pia."

"Najua. Na nikitoka hapa nitaandika kwamba umenipiga."

"Andika," akasema, akiwa ananivua shanga. "Paskalina. Lina herufi nyingi, usikosee."

Nimeandika, Paskalina. Naona sikukosea.

Nilipoamka kutoka kwenye nusu kaputi mdomo ulikuwa mkavu kama gome, na Mama Baha amekaa kwenye kiti, wake mgongoni na mwingine mapajani. "Msichana," akasema. "Mzito kama gunia langu. Ana sura ya ugomvi, hatuna haja ya kuuliza wa nani." Nilitaka kumchukua, tumbo likanikata, akamlaza kifuani kwangu. Kesho yake daktari alipopita kutazama mshono nilimwuliza. Nilimwambia kila kitu, magome, maziwa, makande, nikamwuliza kama ni mimi niliyemnenepesha mtoto akakwama. Akatikisa kichwa. "Nyonga zako ni nyembamba tangu ulipokuwa mtoto. Huyu angekuwa mdogo kama paka bado angekwama. Hata yule wa kwanza." Akaenda kitanda kingine. Nilikaa na neno lile siku nyingi kuliko nilivyokaa na kidonda. Maana yake mama mkwe hakuwa amemuua mtoto wangu kwa njaa, na mimi sikuwa nimemuua kwa kula. Aliuawa na kukaa nyumbani siku tatu. Mtu angefikiri nilimsamehe. Sikumsamehe. Alikuwa amesema neno lile mbele ya wanawake saba, na neno lile lilikuwa uongo zaidi ya nilivyodhani.

Mume wangu alikuja kunichukua na punda baada ya wiki tatu. Alimtazama mtoto, akamtemea mate ya baraka, akasema, "Ni mkubwa," na tukapanda msitu polepole. Kwetu mwanamke akizaa, wanawake wa boma wanachinja kondoo. Nyama ni ya wanawake peke yao, na mafuta anakunywa mzazi ili arudishe nguvu. Nilifika boma, sikuona kondoo. Naishorwa alimwuliza mama yake, nami nikiwa nimesimama hapo mlangoni na mtoto mgongoni, kondoo wa mke wa kaka yuko wapi. Mama mkwe hakuinua macho kwenye kibuyu alichokuwa anakiosha. "Si yeye mwenyewe alishachinjwa? Kondoo wa nini tena?" Wanawake wakacheka kwa mkono mdomoni. Niliingia nyumbani kwangu, nikapika uji wa mahindi niliyopewa na Mama Baha, nikaunywa.

Mwezi mmoja hivi hatukusemeshana. Kisha siku moja mchana akaingia kwangu, hakubisha hodi, akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto. Nilikuwa nanyonyesha. Alimtazama mtoto, halafu akatazama tumbo langu. "Nifunulie," akasema.

"Nikufunulie nini?"

"Walipokata. Nione."

Nilijua amekuja kupata la kwenda kusimulia. "Tumbo langu uliliangalia siku tatu mwaka juzi," nikamwambia. "Hujashiba?" Akakaa kidogo, anachezea kijiti cha moto. Akainuka akatoka. Leo nikikumbuka jinsi alivyokaa, mwili umeinama mbele kama mtu anayesikiliza ndani ya mzinga, nafikiri huenda alikuwa anataka kujua tu. Alikuwa amepokea watoto miaka mingi kwa mikono miwili, na hakuwahi kuona tumbo lililofunguliwa na mwenyewe akabaki anatembea. Huenda. Kama ningelijua ningemfunulia? Hapana, sikuwa nimefika hapo.

Mvua zilipokuwa zinaisha, Nolari wa boma ya pili akashikwa na uchungu. Alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza, hajamaliza mwaka tangu aolewe. Siku ya pili, kama saa sita, mama mkwe akatokea mlangoni kwangu, mikono inang'aa mafuta mpaka viwiko. Hakusalimia. "Twende," akasema. Nikamwacha mtoto kwa Naishorwa, nikamfuata, nikidhani anataka mtu wa kushika mgongo. Tulipoingia nilimkuta Nolari amelala ubavu, midomo imepasuka, macho yanatazama mahali ambapo hakuna mtu. Wanawake wamejaa. Landrova ya kliniki ilikuwa bado iko dukani, nilikuwa nimeiona, na kila mtu mle ndani alijua ipo. Mama mkwe wa Nolari mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amepanua mikono. "Hatoki," alikuwa anasema. "Kule watamkata. Aliyekatwa hazai tena, hachoti maji, ananuka mpaka mume anamkimbia. Kama ni kufa afie kwake."

Mama mkwe wangu akanishika mkono, akanisimamisha katikati yao, mahali mwanga wa mlango ulipofika. "Mnasema aliyekatwa," akawaambia. "Aliyekatwa huyu hapa." Kisha akanigeukia. "Fungua."

Hakusema tafadhali, wala hakusema mwanangu. Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya aibu, sikuiona. Wanawake walikuwa walewale, saba kati yao nawajua mmoja mmoja. Nilikuwa nimeapa hakuna hata mmoja wao atakayeuona mwili wangu tena mpaka nife. Nolari akaguna, sauti ndogo, ya mtu ambaye ameshaacha kuomba. Nikafungua shuka, nikalishika juu ya kifua kwa mikono miwili.

Mama mkwe akainama. Akaweka kidole juu ya kovu, akakishusha nalo polepole mpaka mwisho, akalipima kwa shubiri, akaminya pale penye maumivu kuliko pote.

"Inauma?"

"Inauma."

"Unachota maji?"

"Nachota."

"Unakamua?"

"Kila asubuhi, si unaniona?"

"Mume analala kwako?"

"Muulize mwenyewe, ni mwanao."

Kuna aliyecheka nyuma. Mama mkwe hakucheka. Akanusa vidole vyake, akawanyooshea wale wanawake wanuse, mmoja mmoja, mpaka mkwe wake Nolari. Halafu akajinyoosha, mgongo ukalia.

"Wameshona vibaya," akasema. "Mimi hata kibuyu nashona vizuri kuliko hivi." Akamgeukia yule wa mlangoni. "Ondoka hapo. Leteni ngozi."

Wakaleta ngozi ya ng'ombe, tukamlaza Nolari juu yake. Nilishusha shuka langu, nikalifunga, nikakamata pembe moja ya mbele. Mama mkwe akakamata pembe ya pili, tukainua, tukashuka naye kuelekea dukani kabla gari halijaondoka, mimi na yeye bega kwa bega.